Heko Maafisa Udahili wa Mwanza

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kisingemfikia mwalimu wa Ukerewe bila watu wa udahili katika kituo chake cha Mwanza. Jiji hili lina historia ya elimu ya watu wazima: mwishoni mwa miaka ya 1960 lilikuwa makao ya mradi wa UNESCO wa kisomo chenye manufaa kwa mikoa ya Ziwa.

Kupokea maombi ni kazi ndogo. Kazi kubwa, nami naiheshimu sawa na ya mhadhiri, ni kumsikiliza nesi anayetoka zamu, kukagua vyeti vyake, kumfafanulia ada, na, vyeti visipotosha, kumwambia ukweli kwamba aanze na kozi ya msingi. Kisha kumtafuta tena mwaka mpya wa masomo ukianza naye hajajisajili, maana hapo ndipo wengi hupotea.