Ofisi Kuu ya M-Pesa: Nani Anaiweza Kati ya Isebania na Mbita

Chapa ni ya Safaricom, kibanda ni cha mama anayehudumia wateja, na katikati yupo mtu ambaye wateja hawamjui: mwenye ofisi kuu. Ndiye aliyetia sahihi mkataba na kampuni, na laini za uwakala ziko chini ya jina lake. Yeye huwapa wenye maduka laini hizo, huwagawia floti, yaani salio la M-Pesa la kuhudumia wateja, na kuwasimamia. Kwa lugha ya biashara za chapa, huyo anakaribia sana mmiliki wa franchaizi kuu, yaani aliyepewa haki ya kuwapa wengine ruhusa ya kuitumia chapa chini yake.

Si kila mwenye chapa ya kigeni yuko katika nafasi hiyo. Kuku Foods, iliyoleta KFC Nairobi mwaka 2011, huendesha migahawa yake yenyewe. Arcos Dorados, iliyonunua haki za McDonald's katika Amerika ya Kilatini mwaka 2007, ina migahawa yake na pia inaweza kuwapa wengine ruhusa ya kufungua. Hapo ndipo ilipo tofauti: wa kwanza anauza chakula, wa pili anauza chakula na vilevile anasimamia wauzaji.

M-Pesa ilipoanza Machi 2007, anayetaka uwakala alitakiwa kuwa na kampuni iliyosajiliwa na maduka yasiyopungua matatu. Wengi waliliona sharti hilo kama njia ya kuwazuia wadogo. Mimi naliona kama sehemu ya werevu wa mfumo mzima, na ukitaka kujua kwa nini, fuata pesa katika kaunti za Migori na Homa Bay.

Mteja akiweka pesa, noti za wakala huongezeka na floti yake hupungua. Akitoa, kinyume chake. Sasa twende Awendo siku wakulima wa miwa wanapolipwa: watu wanatoa tangu asubuhi, noti zinakwisha, floti inajaa bila kazi. Siku hiyohiyo Isebania, mpakani na Tanzania, wafanyabiashara wamepokea noti mchana kutwa na jioni wanaziweka ili wawatumie wenye mali. Huko kinachokwisha ni floti. Mwenye ofisi kuu aliye na duka pande zote mbili hutuma floti kwa simu kuelekea Isebania, na noti zinapanda barabara ya lami kupitia mji wa Migori hadi Awendo. Mwenye maduka matatu Awendo peke yake huishiwa noti kote asubuhi moja, kisha anapanga foleni benki na wenzake wote.

Kwenye Ziwa Victoria ni kugumu zaidi. Omena, dagaa wa huko, huvuliwa kwa taa usiku wa giza, hivyo mwezi ukiwa mpevu mapato hushuka, na kuanzia Aprili hadi Julai uvuvi wake hufungwa ili wazaliane. Mnunuzi hutuma malipo kwa simu, lakini wavuvi wanataka noti hapohapo, kwa sababu mgao wa wafanyakazi wa mtumbwi haungoji. Rusinga unafika kwa gari kutoka Mbita. Mfangano lazima upande boti. Duka la kisiwani likikosa noti, wateja wanarudi nyumbani, na kamisheni ya siku hiyo imekwenda.

Je, malipo yanatosha? Mgawanyo uliozoeleka ni asilimia 80 kwa duka na 20 kwa ofisi kuu. Tuseme kila duka linaingiza kamisheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Ofisi kuu hupata 4,000. Kwa maduka kumi ni 40,000. Toa mafuta ya pikipiki, mshahara wa anayezungusha noti, na hatari ya kuporwa au kutapeliwa. Kinachobaki si cha kumtosha mtu aliyekopa mtaji wa floti kwa riba.

Ndiyo maana kazi hii humfaa mwenye duka la jumla la sukari na unga kule Rongo, au mwenye vituo vya mafuta Oyugis na Rodi Kopany. Noti za mauzo yake hulisha maduka bila riba, na gari lake la kusambaza bidhaa linapita huko kwa vyovyote. Mstaafu aliyeshika kiinua mgongo akitaka mapato ya kukaa nyumbani, namsihi asiiguse. Aliyeajiriwa Nairobi anayetegemea ndugu kumsimamia, vilevile.

Kabla ya kusaini, jambo la kusoma kwa makini ni eneo. Mwenye ofisi kuu wa M-Pesa hana mipaka yake: mwingine anaweza kufungua mkabala na duka lako. Na tangu Julai 2014, Safaricom ilipowaruhusu mawakala kuhudumia mitandao mingine, kufuatia shauri lililofikishwa kwa Mamlaka ya Ushindani, mwenye kibanda anaweza kutumia noti zilezile ulizomletea kuhudumia wateja wa Airtel, na kamisheni hiyo haipiti kwako. Jadiliana naye mapema kuhusu noti za nani zinahudumia nini, na muandikiane.