Neno Chokaa na Istilahi za Kemia

Watungao istilahi za kemia kwa Kiswahili aghalabu hufuata mojawapo ya njia mbili. Wengine hutaka kila kitu kiitwe kwa jina la kigeni lililotiwa irabu. Wengine hutaka neno la kale litumike popote lionekanapo kufaa. Njia zote mbili zaacha swali lililo la lazima: je, jina hilo lamwonyesha mwanafunzi tabia za kitu, au lamficha?

Zebaki haina taabu. Ni jina moja la kitu kimoja, metali iliyo majimaji hata katika digrii 20 za sentigredi. Chokaa sivyo. Tangu kale watu wa pwani wamechoma matumbawe katika tanuu, wakajengea nyumba za Kilwa, Lamu na Unguja. Lakini ndani ya neno hilo mna vitu vitatu. Jiwe likichomwa kwa joto la karibu digrii 900 hutoa kaboni dioksidi, na katika ratili 100 za jiwe safi hubaki ratili 56 za oksidi ya kalsiamu. Oksidi hiyo ikitiwa maji hufoka kwa joto kali, ikawa haidroksidi, nayo ndiyo ipakwayo ukutani na kuliwa na tambuu. Ikisha kupakwa, huvuta kaboni dioksidi ya hewani, na polepole hurudi kuwa kabonati, kama lilivyokuwa jiwe lenyewe.

Fundi hakosei, kwani mazoea yamemfundisha ipi iliyo kali. Mwanafunzi mwenye kitabu tu hana msaada huo. Akiambiwa atie maji katika chokaa, asielezwe ipi, aweza kuungua ngozi au kupofuka macho. Hapo upungufu wa istilahi si jambo la ufasaha peke yake.

Bati nalo lina kasoro yake. Kwa mwanakemia ni metali iyeyukayo kwa digrii 232. Kwa mwezekaji ni chuma kilichopakwa zinki. Tofauti hiyo si ndogo. Zinki ikikwaruzwa, huliwa yenyewe kwanza, chuma kikasalimika. Bali chuma kilichopakwa bati halisi kikikwaruzwa, hushika kutu upesi zaidi. Basi mwanafunzi adhaniye kwamba paa lao ni la bati halisi atajifunza kanuni iliyo kinyume cha kweli.

Hata hivyo haifai kuyatupa maneno haya, kwa kuwa yamebeba maarifa ya mafundi wa karne nyingi. Lifaalo ni kuyawekea mipaka. Chokaa na libaki jina la ukoo, kisha itengwe chokaa kali na chokaa iliyozimwa, na jina la kikemia liandikwe kando yake. Bati la kuezekea na litajwe hivyo kwa ukamilifu, na kitabu kieleze kuwa ni chuma na zinki. Istilahi njema haipimwi kwa ugeni wala kwa ukale wake, bali kwa uaminifu wake kwa kitu inachokitaja.