Kinu, Mchi na Ushirika

Kalamba iko upande wa Nzaui, Makueni, pale Peter Cameron Scott na wenzake wa Africa Inland Mission walipofungua kituo chao cha kwanza mwaka 1895. Imani iliyopandwa huko ina matunda mengi, na mimi napenda kuitazama jikoni, siku wanafunzi wa Christian Union (CU) ya shule wanapoandaa muthokoi, mahindi yaliyotwangwa yakatolewa ganda, wa kula pamoja.

Kazi huanzia kinuni. Mahindi makavu hunyunyiziwa maji kidogo, ganda likalegea, ndipo yakatwangwa. Mchi ukishuka kwa nguvu nyingi punje huvunjika. Ukishuka kivivu ganda halitoki. Wawili hutwanga kwenye kinu kimoja, huyu akiinua yule anashusha, na asiyesikiliza mapigo ya mwenzake hugonganisha michi. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza akipangwa na kiongozi wa CU, kiongozi hana budi kupunguza kasi. Nikiulizwa ushirika wa Kikristo unaanzia wapi, nitaonyesha hapo, kabla hata ya sala ya chakula.

Kisha ungo. Anayejua kupepeta huurusha mzigo mzima kwa kifundo cha mkono tu. Pumba zinapeperuka, mahindi yanarudi meupe. Pumba ni za kuku.

Muthokoi huiva upesi kuliko isyo, yaani mahindi yapikwayo na ganda lake, kwa kuwa ganda limeshaondoka, na hilo ni jambo kubwa mahali ambapo kuni na maji havipatikani kirahisi. Hata hivyo hautaki haraka. Mbaazi au kunde huchemka pamoja nao, moto ukipunguzwa kwa kuvuta kuni nyuma, na maji ya kuongeza huwa moto tayari. Mwaitu, yaani mama, anayesimamia sufuria hubonyeza punje kwa vidole na kunyamaza. Vijana wenye njaa wanaelewa: bado.

Wakorintho walishindwa hapo. Wenye chakula walikula, maskini wakabaki na njaa, na Paulo, katika waraka wake wa kwanza, sura ya 11, akawaagiza wangojane. Jikoni hapa agizo hilo linatimizwa kwa mwiko. Mpakuaji mzuri hukoroga toka chini kila mara, mbaazi zisiwaendee wa mwanzo pekee, na hupima kwa kata ileile: aliyeleta debe la mahindi na aliyekuja mikono mitupu, sahani zao hazitofautiani.