Mizani ya akili ya kitamaduni Korea: Tafsiri sahihi pekee haitoshi

MWAKA wa 2003, P. Christopher Earley na Soon Ang walichapisha kitabu kuhusu akili ya kitamaduni, yaani uwezo wa mtu kufanya kazi vyema miongoni mwa watu wa utamaduni usio wake. Mnamo 2007, Ang na wenzake walitoa mizani yenye kauli 20 katika mafungu manne: kuzichunguza fikra zako mwenyewe, maarifa, ari na mwenendo. Mhojiwa hujipa alama kuanzia 1 hadi 7.

Mizani hiyo ilijaribiwa kwanza kwa wanafunzi wa vyuo vikuu Singapore na Marekani. Sasa hebu tuihamishie kwa wafanyakazi wa kampuni za Korea Kusini. Kwa kawaida, mfasiri mmoja huzitia kauli katika Kikorea, wa pili huzirudisha katika Kiingereza bila kuiona matini asilia, kisha matini hizo mbili hulinganishwa. Baadaye takwimu hutumiwa kutazama iwapo majibu yanajigawa katika mafungu yaleyale manne. Yakijigawa, basi, mizani imepita!

Hapo ndipo ninapotofautiana na wengi. Uthabiti si uhalali. Mizani ya duka inayozidisha gramu 100 kila mara ni thabiti mno, ila mnunuzi anaibiwa.

Chukua fungu la mwenendo. Mtu huulizwa iwapo hubadilisha usemi na toni anapotangamana na watu wa tamaduni nyingine. Katika Kikorea, viishio vya vitenzi hubadilika kulingana na cheo na umri wa unayemsemesha. Karani anayemwambia mkuu wake 'bujang-nim' hawezi kumsemesha jinsi anavyomsemesha rika lake. Isitoshe, tangu utotoni amefunzwa 'nunchi', ule wepesi wa kusoma hali ya wenzake bila kuambiwa. Je, akijipa alama 6, anawawazia wageni au wakubwa wake? Tafsiri ya kurudisha haiwezi kulifichua hilo, kwa kuwa maneno yote ni sahihi.

Pili, mwamba ngoma huvutia kwake. Samsung ina viwanda Vietnam, nayo Hyundai inaunda magari karibu na Chennai, India. Mfanyakazi akishuku kwamba alama zake zitaamua nani atatumwa ng'ambo, kwani atajibu kama mwanafunzi asiye na cha kupoteza? Mwenye tamaa ya safari atajipandisha; asiyetaka kuiacha familia atajishusha.

Sisemi takwimu zitupwe. Nasema zisiachwe pekee yake. Wahojiwa waketi na mtafiti waeleze walivyoielewa kila kauli. Alama zao zilinganishwe na ushahidi wa wenzao wa Vietnam au India waliofanya kazi nao. Aidha, ithibitishwe kuwa kinachopimwa si ucheshi wa kawaida tu uliobandikwa jina jipya.

Watafiti wetu wanaofasiri hojaji kwa Kiswahili wanakabiliwa na kazi iyo hiyo. Kabla ya kukimbilia kompyuta, wamuulize mhojiwa swali moja jepesi: umeelewa unaulizwa nini? Alama isiyo na jibu la swali hilo isitumiwe kumpa mtu kazi wala kumnyima.