Hongera Safari Rally, mbio zilizovuka mpaka

Simama leo mpakani Malaba au Busia uone malori yalivyopanga foleni kungoja kuvuka. Kisha kumbuka zama ambapo magari ya mashindano yalitoka Kenya kuingia Uganda yakikimbizana na saa.

Safari Rally ilianza mwaka 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1960 ikaitwa East African Safari, na mwaka 1973 ikaingia katika ubingwa wa dunia. Haikuwa ya kuzunguka uwanja wa lami. Ilikuwa barabara zetu zilezile, mchana na usiku, kwa miaka mingi wakati wa Pasaka, mvua za masika zikimwagika. Dereva alikanyaga mafuta, mwenzake ameinamia ramani. Kituoni kadi iligongwa muhuri, na kila dakika ya kuchelewa ilikuwa na adhabu yake. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7 tu. Mengine yalimezwa na matope.

Mwaka 1965 Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, na ndugu yake Jaswant walishinda kwa Volvo iliyokwishatumika. Joginder akarudia mwaka 1974 na 1976. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara 5.

Pongezi ziwafikie madereva hao, mafundi waliolala chini ya magari usiku wa mvua, na wanakijiji waliotia mabega kuyakwamua. Walituonyesha kuwa Afrika Mashariki ni barabara moja.