Maana na Matumizi ya Kitenzi "Kauka"

Kitenzi kauka ni miongoni mwa maneno ambayo mtoto huyajua kabla ya kujua kusoma, na kwa hiyo huonekana kuwa hayahitaji uchunguzi. Kamusi kwa kawaida hukifasiri kwa maneno machache: kuondokewa na maji, au kuwa kavu. Fasili hiyo si ya uongo, lakini ni pungufu. Yaeleza kwamba unyevu umetoweka. Haielezi unyevu huo ulikuwa wa nani.

Upungufu huo waonekana mara tu mtu anapotafuta kinyume cha neno. Kinyume cha nguo iliyokauka ni nguo iliyolowa, bali kinyume cha kuni zilizokauka ni kuni mbichi. Kwa kawaida hatusemi "nguo mbichi" kwa nguo iliyotoka kufuliwa, wala kuni zilizokatwa leo hazisemwi kuwa zimelowa, isipokuwa zimenyeshewa. Basi kitenzi kimoja kina vinyume viwili. Kulowa ni kupata maji kutoka nje. Ubichi ni maji ya kitu chenyewe, yaliyo sehemu ya uhai wake.

Tofauti hiyo yabadili hata majina. Nguo ikikauka hubaki kuwa nguo, na sahani ikikauka ni sahani ileile. Lakini nazi ikikauka kokwa yake huitwa mbata, na muhogo uliomenywa na kuanikwa juani, kama ufanywavyo katika vijiji vya Nachingwea na Ruangwa, huitwa makopa. Kitu kilichopoteza maji ya kuazima hurudia hali yake. Kilichopoteza maji yake chenyewe huwa kitu kingine.

Yaweza kuletwa pingamizi kwamba udongo hupata maji ya mvua kutoka nje, na hata hivyo ukikauka hubadilika sana. Mfano wake wajulikana katika historia. Mpango wa karanga ulioanzishwa na Waingereza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951 ulikuwa na mashamba Nachingwea, Urambo na Kongwa. Na huko Kongwa jua la kiangazi liliukausha udongo wa mfinyanzi ukawa mgumu kama tofali, hata kuzichimbua karanga kukawa taabu. Lakini pingamizi hilo halivunji hoja. Ugumu ule una vitenzi vyake, kama vile kakamaa na shupaa. Na udongo uliokakamaa ukinyeshewa hurudi kuwa tope. Makopa yakilowekwa hulainika, lakini hayarudi kuwa mihogo mibichi.

Jambo hili si la darasani tu. Katika wilaya hizo mbili korosho ni zao la kutegemewa, na mkulima hupaswa kuzianika kabla ya kuzipeleka kwenye chama cha ushirika, kwa maana korosho zenye unyevu huota ukungu na kushuka daraja. Akiambiwa mbele ya mizani kwamba korosho zake "hazijakauka", hukumu hiyo yabeba maana mbili. Huenda ni mbichi, yaani zilianuliwa mapema mno. Au huenda zilikuwa zimekauka vyema, kisha zikalowa njiani au ghalani. Katika maana ya kwanza lawama ni ya mkulima aliyefanya haraka. Katika ya pili yaweza kuwa ya msafirishaji, ya mtunza ghala, au ya mvua isiyo na mwenyewe. Mwenye kusema "zimelowa" amesema jambo moja. Mwenye kusema "hazijakauka" ameliacha swali wazi, na jibu laweza kumgharimu mtu jasho la msimu mzima.

Katika mafumbo, lugha haisiti hata kidogo: karibu kila mara hushika maana ya ubichi. Sauti iliyokauka ni ya mtu aliyepungukiwa na kitu chake. Aliyekalia kuti kavu yumo hatarini, kwa sababu kuti hilo limekwisha kuachwa na uhai uliolishikiza kwenye mnazi. Na Watanzania wa miaka hii wameiita mikopo yenye riba ya kuumiza "kausha damu". Waliobuni jina hilo hawakufundishwa sarufi na mtu, lakini walichagua vema. Walitwaa kausha, ambacho humdai mtendaji, wakaacha kauka, ambacho humficha. Tena wakataja unyevu ambao mtu hakuuazima popote. Alichoazima ni fedha. Kinachokaushwa ni chake mwenyewe.

Ndiyo maana yapasa kamusi zitenge fasili mbili chini ya kitenzi hiki: ya kwanza, kuondokewa na maji yaliyotoka nje, kinyume chake kulowa, ya pili, kuondokewa na maji ya asili, kinyume chake ubichi. Mistari miwili yatosha. Mfua nguo na mwanika muhogo huishika tofauti hiyo kila siku bila kuiandika. Ni haki yao kuikuta katika kitabu kinachodai kueleza lugha yao.