Chale kama Matini: Maana na Udumifu katika Kazi ya Mafundi wa Kibera na Kawangware

1. Utangulizi

Wahakiki wa fasihi simulizi wamezoea kuisikiliza sauti na kuusahau mwili. Hata wanapokiri kwamba fanani hutumia uso, mikono na maleba, ngozi yenyewe huachwa nje ya sanaa. Makala hii inanuia kuonyesha kwamba chale ni matini, na kwamba mchora chale wa mjini hukabiliana kila siku na maswali mawili ya mhakiki: ni nini kinachoipa alama maana, na ni nini kinachoifanya idumu? Mifano yetu mikuu inatoka Kibera na Kawangware, jijini Nairobi, ambako watu wa jamii nyingi huishi ukuta kwa ukuta. Hoja yetu ni kwamba udumifu wa chale hautokani na wino pekee, bali na kuwapo kwa wasomaji wanaopokezana maana yake.

2. Ushahidi wa lugha

Wapo wanaodai kwamba chale za leo ni uigaji mtupu wa Wazungu. Dai hili linakanushwa na historia. Wazungu wenyewe waliazima neno lao la chale kutoka visiwa vya Pasifiki, baada ya Kapteni James Cook kufika Tahiti mwaka 1769. Kiswahili, kwa upande wake, kilikuwa na msamiati wake: chale, kuchanja, kutoja. Mganga alichanja na kupaka dawa. Marafiki walifunga undugu wa kuchanjiana. Na kutokana na shina hilo hilo tumepata chanjo ya hospitalini.

Neno nembo linafunza zaidi. Zamani lilimaanisha alama ya kabila iliyochanjwa mwilini. Leo ni alama ya shule, chama, kampuni au taifa. Neno limehama kutoka ngozini hadi karatasini, na uhamaji huo haukuwa wa msamiati tu. Wamakonde waliotoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya pwani ya Kenya walifika na nembo usoni, zilizosomeka na kila aliyefunzwa kuzisoma. Dola haikuzisoma, ilitaka karatasi. Uraia wao ulitambuliwa mwaka 2016 tu, baada ya kutembea kutoka Kwale kwenda Nairobi kudai haki yao. Hivyo, jamii iliyobeba nembo usoni iliishi miongo mingi bila kadi yenye nembo ya taifa. Alama haikukosa maana. Kilichokosekana ni msomaji mwenye mamlaka.

3. Kinachofutika na kisichofutika

Kibera inatupa mfano wa pili. Mtaa huu ulianzishwa na Wanubi, askari wa jeshi la kikoloni wenye asili ya Sudani pamoja na familia zao, na jina lake latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Wanubi ni Waislamu, na mafundisho ya dini yao yanakataza chale za kudumu lakini yanaruhusu hina. Bibi harusi hupakwa hina mikononi na miguuni. Baada ya wiki chache imefifia. Harusi nyingine ikija, mikono mingine inapakwa.

Tulinganishe na Wajaluo, ambao nao ni wengi Kibera. Zamani kijana wa Kijaluo aling'olewa meno sita ya mbele ya taya la chini ili atambulike kuwa mtu wa jamii yake. Hakuna alama isiyofutika kuliko pengo. Hata hivyo desturi hiyo imeachwa, na mapengo yanatoweka pamoja na wazee waliokuwa nayo. Ipi basi iliyodumu: hina inayofifia kila mara, au jino lisilorudi? Ni wazi kwamba udumifu wa alama mwilini ni jambo moja, na udumifu wake katika utamaduni ni jambo jingine.

Okot p'Bitek aliliona hili mapema. Katika utenzi wake uliotolewa mwaka 1966, ambao Paul Sozigwa aliufasiri kwa Kiswahili kama Wimbo wa Lawino, Lawino anazisifu chale za msichana wa Kiacholi, za kifuani na za mgongoni. Mumewe, Ocol, amesoma vitabu vingi, lakini amepoteza uwezo wa kuisoma ngozi ya watu wake. Mgogoro wa utenzi huo, kwa sehemu, ni mgogoro wa usomaji.

4. Fundi kama mhakiki

Mchora chale wa Kawangware, awe karibu na soko au upande wa Kongo, anafanya kazi ambapo hakuna mila moja ya kumwongoza mteja. Anayekuja huleta picha katika simu. Fundi aliye makini haanzi na sindano. Huanza na maswali. Ni jina la nani? Kwa nini sasa? Utalitaka ukiwa mzee? Ushauri wa kawaida wa kazi hii ni kwamba jina la mzazi au la mtoto ni salama kuliko la mpenzi. Huu ni uhakiki wa maudhui. Fundi hushauri pia kuhusu fani: herufi ndogo mno hutawanyika na kushikana kadiri miaka inavyopita, wino wa vidoleni na viganjani hufifia haraka, na jua huchakaza rangi.

Tukizipanga chale hizi kwa tanzu, tutakuta jamaa wa karibu wa fasihi yetu. Jina la marehemu na tarehe yake ni maombolezo. Simba begani ni jigambo. Msalaba ni dua, ingawa wapo Wakristo wanaozikataa chale kwa kutegemea Walawi 19:28. Lakini kuna aina moja iliyo dhaifu: maandishi ya lugha ambayo mchorwa wala mchoraji hawezi kuyasoma. Hiyo ni matini isiyo na msomaji hata katika nyumba yake yenyewe.

Hapa ndipo tunapotofautiana na kauli inayopendwa na mafundi wengi, kwamba maana ya chale ni siri ya mwenyewe. Siri isiyosimuliwa huzikwa na mwenye nayo. Sayansi nayo inaunga mkono hoja yetu. Utafiti wa wanasayansi wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba wino hushikiliwa na seli za ngozi ambazo hufa. Seli ikifa huuachilia wino, na seli mpya huudaka. Hata ndani ya ngozi, basi, kudumu ni kupokezana.

5. Hitimisho

Tumeona kwamba chale yenye maana ni ile yenye wasomaji, na chale inayodumu ni ile ambayo wasomaji wake hurithishana. Wamakonde walizihamishia nembo zao kwenye vinyago vya ngoma ya mapiko, na huko bado zinaonekana hata vijana wanapoacha kuchanjwa. Lakini kinyago huhifadhi umbo; maana yake huhitaji msimulizi. Idara zetu zimekusanya methali na ngano kwa bidii. Wazee wenye chale wangali hai, nao wanapungua. Kuwauliza kila mstari unasema nini ni kazi ya uhakiki isiyoweza kuahirishwa, kwa kuwa matini hizi huzikwa na wenyewe.